Tulienda Kupanda Mawimbi Rincón

Mukisikia kwamba familia moja ya Likasi imetoka katika theluji ya Marekani na kwenda kucheza na mawimbi katika kisiwa cha bahari ya Karibi, pengine mutacheka. Mama yangu, yeye hakucheka. Aliponisikia katika telefone alinyamaza kwanza. Kisha akauliza: "Ulipeleka batoto bangu mu mayi?"

Nitawaeleza nilimjibu nini. Lakini kwanza mujue sababu ya ile sauti yake.

Mimi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa mine. Nyuma ya kambi yetu kulikuwa shimo la zamani ambalo watu waliacha kuchimba. Kila masika lilijaa maji ya kijani, mazuri kwa macho. Mwaka 1984 mudogo wangu, aliyekuwa na miaka 8, aliingia mule pamoja na wenzake wawili. Wale wawili walitoka. Tangu siku ile mama alitukataza maji yote: mito, mabwawa, ata ziwa Tshangalele ambako watu wengi wa kwetu wanatafuta samaki. Ukirudi nyumbani na nywele zenye maji, ulipigwa bila kuulizwa. Hivi nilikua, nikaoa, nikazaa watoto watatu, nikavuka bahari kubwa kwa ndege, bila kujua kuogelea ata mita moja.

SABABU YA SAFARI

Sasa tunakaa Portland, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Wakongomani ni wengi kule. Baridi inaanza mwezi wa kumi na moja na haina haraka ya kwenda. Watoto wetu walijifunza kuogelea katika pisini ya mji, mama yao akiwasindikiza, mimi nikitafuta kila mara sababu ya kubaki nyumbani. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 14, ndiye aliyeleta neno la mawimbi. Alikuwa amejifunza juu ya mchezo wa kusimama kwenye ubao na kubebwa na wimbi, mchezo wa zamani wa watu wa visiwa vya Hawaii. Akasema: "Papa, mi nataka kujua ile mbele nizeeke." Miaka 14!

Tuliweka feza miaka miwili, kidogo kidogo. Watu wengine walituambia kwamba feza ile ingeweza kununua matofali kwetu. Sikatai. Tulituma kwanza feza ya masomo ya watoto wa dada yangu, tukalipa deni, na kilichobaki ndicho tulichokula katika safari. Mama wa nyumba yangu alisema jambo moja tu: "Watoto watakaa na sisi miaka ngapi tena?" Nikanyamaza. Mwezi wa pili wa mwaka uliopita, masomo yalipofungwa juma moja, tukaondoka.

Siku tatu mbele ya safari theluji ilianguka mchana na usiku. Tuliiondoa mbele ya mlango mpaka mikono ikakufa ganzi. Mushike jambo hili la theluji, nitalirudilia.

KISIWA CHENYEWE

Kisiwa kinaitwa Puerto Rico. Wenyeji wake wa kwanza, Wataíno, walikiita Borikén. Christopher Columbus alifika mwaka 1493, na Wahispania wakakitawala mpaka mwaka 1898, wakati Marekani ilipokichukua katika vita. Tangu mwaka 1917 watu wake ni raia wa Marekani, lakini wanaokaa kisiwani hawapigi kura ya kuchagua rais. Wanasema Kihispania, na wengi Kiingereza pia.

Toka Boston mpaka mji mkubwa, San Juan, ndege inakwenda karibu saa 4. Tulitoka tumevaa makoti mazito. Tulifika jasho likitiririka. Pale tulikodi motokari na kufuata njia ya magharibi, kitu cha kilometa 150. Kijana wetu wa miaka 11 alitafuta mambo ya kushangaza njiani, na akayapata: vibao vinahesabu urefu wa njia kwa kilometa, lakini mwendo wa motokari kwa maili, na petroli inauzwa kwa litri. Alicheka mpaka Aguadilla. Mimi nilitazama vilima, miti ya maembe, migomba, na kuku wakivuka barabara bila woga. Nilisema moyoni: hapa ninapajua.

Rincón ni mji mdogo kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa. Mbele yake kuna kisiwa kidogo cha Desecheo, na jua linashuka baharini kila jioni watu wote wakitazama. Lakini si mahali pa raha tu. Mwaka 1918 tetemeko la nchi liliinua bahari upande huu, na katika tetemeko na maji watu zaidi ya 100 walikufa; mpaka leo vibao vya njiani vinaonyesha upande wa kukimbilia. Tarehe 20 Septemba 2017 dhoruba ya Maria ilipiga kisiwa chote. Serikali ilikubali hesabu ya vifo 2,975, na kurudisha umeme kila mahali kulichukua karibu mwaka mzima. Tuliona ukingoni nyumba ambazo bahari imekula mchanga chini yake, na ngazi za kushukia pwani zilizobaki zikining'inia hewani. Watu wa pale wanapenda bahari, lakini hawaichezei.

MAWIMBI YANATOKA WAPI

Mwalimu wetu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mtoto wa palepale. Asubuhi ya kwanza hakugusa ubao. Alituuliza: "Huko mulikotoka, kulianguka theluji?" Tukajibu ndiyo. "Siku gani?" Tukamwambia. Akahesabu kwa vidole, akaonyesha bahari: "Basi, ile theluji yenu ndiyo ile."

Tulifikiri anatania. Akaeleza. Wakati wa baridi, pepo kali za dhoruba zinasukuma maji ya Atlantiki ya kaskazini mpaka yanafanya mawimbi makubwa. Mawimbi yanaacha dhoruba nyuma na kusafiri yenyewe upande wa kusini, siku mbili au tatu, yakijipanga safu kwa safu. Njia yao ni ya maji marefu sana. Kaskazini ya Puerto Rico kuna bonde la bahari lenye kina cha zaidi ya mita 8,000. Ninyi watu wa mine muelewe hivi: mgodi mrefu kuliko yote duniani, ule wa Afrika Kusini, unashuka karibu kilometa 4. Bonde lile linapita mara mbili. Juu ya hiyo wimbi halina kitu cha kulichelewesha, mpaka linagonga miamba ya Rincón na kusimama. Wakati wa joto dhoruba za kaskazini zinapungua, na mara nyingi bahari ya pale inatulia kama sahani. Ndiyo maana watu wa mchezo huu wanakuja miezi ya baridi, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu.

Nilisimama nikitazama. Taabu iliyotuua mikono mbele ya mlango wetu ilikuwa imetufuata mpaka pale, imegeuka mchezo wa watoto.

MASOMO JUU YA MCHANGA

Tulijifunza upande wa Puntas, mahali penye mchanga chini, si miamba. Ubao wa wanaoanza ni mrefu na mwororo, usiumize kichwa. Juu yake wanapaka nta miguu isiteleze, na kamba inafungwa toka ubao mpaka kifundo cha mguu. Mzee aliwalaza watoto na mama yao tumbo chini kwenye mchanga mukavu. "Piga kasia kwa mikono. Tazama mbele. Weka viganja chini ya kifua. Simama mara moja!" Walisimama mara ishirini, mara thelathini, bila tone la maji. Wapita njia walicheka. Mimi nilikuwa mpiga picha, nimevaa viatu.

Kisha akawaketisha, uso wake ukabadilika. "Sasa neno kubwa kuliko kusimama." Akatuonyesha kati ya mawimbi mahali ambapo maji yalionekana tulivu, hakuna povu. Mtu asiyejua angechagua kuingilia palepale. "Pale si pa amani," akasema. "Maji yote ambayo mawimbi yameleta pwani yanatafuta njia ya kurudi, na ile ndiyo njia yao. Ni mkondo. Ukikushika, usishindane nao. Hakuna mtu mwenye nguvu kuushinda. Haukuzamishi, unakubeba tu. Kinachoua ni kuchoka na kuogopa. Elea, inua mkono, ita. Kisha ogelea upande, sambamba na pwani, mpaka uutoke. Ndipo urudi."

Akawaulizisha mtoto mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akayasema maneno yale bila kukosa. Akaniuliza na mimi. Nikasema mimi siingii. Akajibu: "Sikuuliza kama unaingia."

NYUMBA YA KUBA

Siku ya tatu mawimbi yalikuwa makubwa sana kwa wanaoanza, tukaenda kutembea. Karibu na mnara wa taa tulipanda kuwatafuta nyangumi. Hawa wanashuka toka bahari za baridi kuzaa katika maji ya joto, na miezi ya kwanza ya mwaka wanapita hapo. Tulingoja saa nzima. Mtoto wetu wa mwisho aliona mgongo mmoja na moshi wa maji. Sisi wengine tuliona mahali alipoonyesha kwa kidole.

Si mbali na hapo kuna kuba kubwa ya duara. Nilifikiri ni kanisa. Sivyo. Ilikuwa kiwanda cha kufanya umeme kwa nguvu za atomi, kilichoanza kujengwa mwaka 1960 na kufungwa mwaka 1968. Ufuko ulio mbele yake unaitwa Domes mpaka leo, juu ya kuba ile. Wasomaji wa Likasi watafahamu kwa nini nilisimama pale. Shinkolobwe ni jirani yetu. Sehemu kubwa ya uranyumu ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwetu. Niliwaeleza watoto wangu habari hiyo, mbele ya kuba, na vijana wenye mbao wakipita nyuma yetu. Binti akauliza: "Na kule kwetu, walipomaliza kuchimba, waliacha nini?" Nikasema: "Mashimo."

Mwaka uleule wa 1968, mwezi wa kumi na moja, mashindano ya dunia ya kupanda mawimbi yalifanyika hapo Rincón. Mzee mwalimu alikuwa mtoto. Aliyaona juu ya mabega ya baba yake. Upande wa wanaume alishinda Fred Hemmings wa Hawaii. Upande wa wanawake alishinda Margo Godfrey. Alikuwa na miaka 15. Binti yetu aliposikia hivyo, alianza kutembea kwa namna nyingine.

SIKU YA TANO

Siku ya tano nilikuwa mchangani kama kawaida. Binti alikuwa tayari anasimama na kufika mpaka pwani. Mama yao alikuwa akipumzika. Kijana wetu alianguka, ubao ukampita, na alipoinuka nikaona kitu kibaya: alikuwa anatazama kwangu, lakini alikuwa anakwenda mbali. Hakuna wimbi lililokuwa linampiga. Maji yalikuwa matulivu mahali pale.

Nikakimbia. Niliingia mpaka magotini, na magoti yakakataa. Miaka yangu yote ilikuwa katika maji yale ya kijani. Nililia kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiojua Kiswahili: "Rudia! Rudia huku!" Ndugu zangu, nilikuwa ninamwambia mtoto jambo lile hasa lisilotakiwa. Kama angenisikia, angeshindana na mkondo mpaka kuchoka.

Hakunisikia, au hakunitii. Nilimwona akishika ubao wake kwa kifua. Akainua mkono mmoja. Akatulia. Mzee alikwisha kumwona, akaingia na ubao wake pole pole kama mtu anayekwenda sokoni. Mbele hajafika, kijana alianza kupiga kasia upande, si kwetu, upande. Akatoka katika maji matulivu, akaingia katika povu, na povu lenyewe likamleta pwani, mita hamsini toka pale niliposimama.

Nilimshika, nikamtikisa, sikujua kama nitampiga au nitamkumbatia. Yeye akasema: "Papa, juu ya nini ulikuwa unaniita? Mzee alisema tusirudi moja kwa moja."

Mzee alinipa chupa ya maji. Hakunihubiri. Alisema tu kwamba watoto wanaojua wanamwokoa pia baba yao.

CHAKULA CHA JIONI

Jioni ile tulikula katika nyumba ndogo ya chakula kando ya njia. Walituletea mofongo: ndizi mbichi zilizokaangwa na kutwangwa katika kinu cha mti pamoja na kitunguu saumu na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Waafrika waliopelekwa kule utumwani ndio walioleta namna ile ya kutwanga. Utumwa ulikomeshwa katika kisiwa hicho tarehe 22 Machi 1873. Tulipewa na wali wenye mbaazi, ambazo wao wanaziita gandules. Wajuzi wa lugha wanasema jina hilo lilitoka kwa wandu, neno la Kikongo. Mtoto wa mwisho alikula kwa mkono, akifinyanga kama bukari, na mwenye nyumba alipomwona alileta sahani nyingine bila kulipisha.

Sikuweza kula vizuri. Nilikuwa ninafikiri jambo moja. Mama yangu alitulinda kwa kutukataza, na sitamlaumu, kwani hakuna aliyekuwa amemfundisha namna nyingine. Lakini mudogo wangu hakufa juu ya kukosa katazo. Tulikatazwa lile shimo mara nyingi. Alikufa kwa sababu, alipokwisha kuingia, hakuna kitu alichojua kufanya, na sisi tuliosimama ukingoni hatukujua zaidi yake.

NENO KWA WAZAZI WA KARIBU NA MASHIMO

Ninaandika haya kwa familia zenye watoto wanaokaa karibu na mashimo ya mine, kwa sababu bahari iko mbali nanyi lakini shimo liko nyuma ya nyumba. Maji ya shimo ni mabaya kuliko ya Rincón kwa jambo moja: hakuna wimbi la kumrudisha mtu. Kingo zake zinashuka mara moja, hakuna mahali pa kukanyaga, na udongo unateleza. Maji ya juu yana joto, ya chini ni baridi ya kukata pumzi. Mengine yana asidi au sumu ya madini. Si mahali pa kujifunzia kuogelea.

Kukataza ni lazima. Lakini mwelezeni mtoto sababu, na mumfundishe la kufanya mwenzake akianguka: asimrukie, juu ya mwenye kuzama anamshika mwokozi na wote wawili wanashuka. Apige kelele. Alale chini ukingoni na kumnyooshea mti au nguo. Amtupie kitu kinachoelea. Bidoni tupu ya litri 20, iliyofungwa kifuniko sawasawa, inaweza kumwelesha mtu mpaka msaada ufike.

NILIVYOMJIBU MAMA

"Ulipeleka batoto bangu mu mayi?"

Nikamwambia yote, mkondo pia. Nilitaka kuuficha, nikashindwa. Nikamweleza namna mjukuu wake alivyoinua mkono, alivyotulia, alivyokwenda upande. Hakujibu kwa muda mrefu, mpaka nikafikiri telefone imekatika.

"Na weye?" akauliza. "Uliingia?"

"Mpaka ku magoti, mama."

"Ile ni kidogo," akasema.

Sasa kila siku ya posho ninakwenda pisini ya mji wetu, katika kundi la watu wazima wanaoanza. Ninashika ukingo, ninapiga miguu, watoto wa miaka sita wananipita. Sijafika bado upande wa pili.

Na majuma mawili baada ya mazungumzo yale, dada yangu aliniandikia toka Likasi. Mama amechukua bidoni moja ya manjano, ameifunga kwa kamba ndefu, ameitundika kwenye mlango wa lupango. Kila mtoto wa jirani anayepita anamwita na kumwuliza: "Ile ni ya nini?" Mtoto asiyejua haendi mpaka ajibu.